Pareto inavyoivuruga misuli ya mbu

Mbu akitua kwenye chandarua kipya chenye dawa hapa Kidatu, hafi papo hapo. Kwanza anahangaika: miguu inatetemeka, mabawa yanapigapiga bila mpango, kisha anaanguka chali sakafuni huku bado anarusha miguu. Ukimtazama utadhani dawa imemmaliza nguvu. Kumbe misuli yake inapokea amri nyingi kupita kiasi.

Asili ya dawa hiyo ni ua. Pareto ilitoka pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo, na kwetu hustawi kwenye baridi ya Mufindi, Njombe na Mbeya. Kiwanda cha kuikamua kiko Mafinga. Pareto yenyewe haikubali joto la bondeni hapa Kidatu. Isitoshe, sumu yake ya asili huharibiwa upesi na jua. Ndiyo maana vyandarua hutiwa ndugu zake wa maabara, kama pemethrini (1973) na deltamethrini (1974), kazi ya Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza.

Neva ikitaka msuli ujikunje, hupeleka umeme mdogo unaosafiri kwa sodiamu kuingia kupitia vijilango vya utando wake. Vijilango hivyo hufunguka na kufungwa haraka mno. Umeme ukifika nchani, kalsiamu huingia, na vifuko vilivyojaa kemikali humwaga shehena yake kwenye mwanya ulio kati ya neva na msuli. Kwa binadamu kemikali hiyo ni asetilikolini. Kwa wadudu ni glutamati. Pareto huking'ang'ania kijilango cha sodiamu kisifungwe. Ncha ya neva inabaki imesisimka, kalsiamu inamiminika, vifuko vinamwaga glutamati bila kuagizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti walipima jambo hili kwa buu la inzi wa nyumbani: chini ya deltamethrini umwagaji ulipanda mno, kisha mawasiliano ya neva na msuli yakakatika kabisa.

Na sisi tunaolala ndani? Vijilango vyetu si vyepesi kunaswa hivyo, joto la mwili huipunguzia sumu hii makali, na ini huivunjavunja upesi. Samaki hawana bahati hiyo, kwa hiyo anayefua chandarua chenye dawa mtoni anawaonea.

Bonde la Kilombero lina deni kubwa kwa ua hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa KINET wa Ifakara uliuza vyandarua na dawa ya kuvichovya kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliovitumia vilipungua kwa asilimia 27.

Mbu nao hawakulala. Katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, Anopheles funestus ndiye anayeeneza zaidi ya asilimia 80 ya malaria, na amekuwa sugu. Silaha yake kuu ni vimeng'enya vinavyoisaga sumu kabla haijaifikia neva. Miaka ya karibuni watafiti wa Ifakara na wenzao wamekuta pia, hasa mkoani Morogoro, funestus ambao kijilango chenyewe kimebadilika umbo. Badiliko hilo linamkinga na dawa ya wadudu ya DDT, ambayo hushika kijilango hichohicho. Dhidi ya deltamethrini halijaonekana kumsaidia.

Vimeng'enya vina dawa yake, na hadithi yake inaanzia jikoni. Mwaka 1940 iligundulika Marekani kwamba mafuta ya ufuta, ambayo peke yake hayamtishi mdudu, huongeza ukali wa pareto. Kutokana na fununu hiyo ikatengenezwa piperonili butoksaidi, PBO, inayovifunga vimeng'enya ili sumu ipite. Jaribio la Muleba, mkoani Kagera, lililochapishwa 2018, lilionyesha kuwa watoto wa vijiji vilivyopewa vyandarua vyenye PBO waliambukizwa malaria kwa kiwango kidogo kuliko wa vyandarua vya kawaida. Kinachobaki ni uimara wake: PBO hupungua kwenye nyuzi kadiri chandarua kinavyofuliwa, na mkulima wa mpunga anayehama nacho kwenda dungu la shambani hukifua sana.