Meseji Ametuma Mwingine, Till ni Yako: Nani Ataulizwa?

Ukifanya biashara Busia au Malaba, wateja wako hawatoki sehemu moja. Asubuhi unauzia mama kutoka Matayos, mchana dereva wa lori anayengoja kuvuka, jioni mtu wa upande wa Uganda aliyekuja kuchukua sabuni na mafuta ya kupikia. Kuwafikia wote kwa mdomo ni ngumu. Ndiyo maana wengi siku hizi wana tovuti ndogo au ukurasa wa duka, wanaweka namba ya till pale, halafu wanatafuta vijana wa kusambaza linki. Kijana akileta mteja, anapata kamisheni yake. Hapo hakuna ubaya wowote.

Shida inaanza kwa swali moja: kijana anatoa wapi namba za kutumia meseji?

Wengine wananakili kutoka kwa daftari la wageni getini. Wengine wanavuna kwenye magrupu ya WhatsApp ya chama au ya mawakala wa forodha. Wengine wananunua orodha kwa mtu asiyejulikana. Wewe unaona tu mauzo yamepanda wiki hii, unafurahi. Halafu simu inaanza kulia: "Mama, mimi sijawahi kununua kwako. Namba yangu ulitoa wapi?" Baadaye mmoja wao anaripoti, na kwenye ripoti hakuna jina la kijana. Kuna jina la duka lako, linki yako na till yako.

Kwa nini wanaanza na wewe

Anayeripoti anataja kile anachokiona. Laini iliyotuma inaweza kuwa imezimwa kesho yake, lakini pesa ilikuwa iingie kwako. Kwa hivyo mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenye till.

Tena watu wa mpakani wamechoka na meseji za "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali rudisha". Wakiona namba ngeni, linki na till pamoja, wanadhani ni wakora. Biashara yako halali inatiwa kapu moja na matapeli. Na till ikiripotiwa, inaweza kusimamishwa uchunguzi ukiendelea. Ukiwa na mzigo wa kulipia siku hiyo, utajua uchungu wake.

Sheria inasemaje?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba ya simu ya mtu ni data yake binafsi. Wewe unayeamua itumike kwa kazi gani unaitwa mdhibiti wa data. Kijana anayekufanyia kazi hiyo ni mchakataji.

Kanuni za 2021 zinakubali umtumie mtu matangazo kwa namba yake ikiwa namba umeipata kwake mwenyewe, ulimwambia utaitumia kwa matangazo, alikubali, na umempa njia rahisi ya kujitoa. Kununua orodha ya namba hakupiti hapo.

Kifungu cha 42 kinataka wewe na mchakataji muwe na mkataba wa maandishi, na afanye tu yale uliyomwagiza. Akitoka nje ya maagizo, naye anahesabiwa kama mdhibiti na anabeba mzigo wake. Lakini kama hukuandika maagizo yoyote, utaonyesha nini?

Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Kwa duka linalouza milioni 2 kwa mwaka, asilimia 1 ni shilingi 20,000. Usipumue bado: kando na faini, mlalamishi anaweza kudai fidia, hata kama hakupoteza pesa bali alisumbuliwa tu.

Haya si maneno ya karatasini. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000. Kosa lilihusu majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine, kisha wenyewe wakapigiwa simu na kutumiwa meseji za vitisho.

Na kama orodha yako imechanganya 254 na 256, kumbuka Uganda nayo ina sheria yake ya 2019, inayogusa hata mtu aliye nje ya Uganda anayetumia data za raia wake. Mbali zaidi ni hivyo hivyo: Marekani, chini ya sheria ya CAN-SPAM ya 2003, anayetuma barua pepe ya matangazo na kampuni inayotangazwa wote wanaweza kuwajibishwa.

Uko wapi kati ya hawa watatu?

*Ulimlipa.* Kamisheni ni malipo. Kusema "sikubonyeza mimi" hakutakutoa.

*Hukumtuma, lakini ulijua ukanyamaza.* Shabiki au jamaa anasambaza linki yako kwa namba za watu, wewe unapokea mauzo. Siku ulipojulishwa ndiyo siku ya kumwambia aache, kwa maandishi. Ukiendelea kula matunda, itakuwa vigumu kusema humjui mwenye mti.

*Hukujua kabisa.* Hii hutokea. Mshindani anaweza kutumia jina lako ili uripotiwe. Sheria inamwachilia anayethibitisha kwamba hakuhusika kwa njia yoyote. Neno kubwa hapo ni kuthibitisha, na ndiyo sababu rekodi zako ni muhimu.

Kabla hujampa mtu kazi ya kutangaza

- Muulize namba atazitoa wapi. Akisema "niachie hiyo", usimpe kazi.
- Andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja: orodha ni ya wateja waliokubali tu, na kamisheni haitalipwa kwa mauzo yaliyoletwa na meseji za kusumbua.
- Mpe kila mtangazaji linki au kodi yake, ujue nani alileta nini.
- Jitumie ujumbe kwanza. Uwe na jina la duka na njia ya kujitoa. Meseji nyingi za matangazo kwa laini za Safaricom huishia na STOP *456*9*5#.
- Weka daftari la waliokubali na waliojitoa. Aliyejitoa asirudishwe.

Ukiripotiwa

Usifute chochote, hata kama una aibu. Simamisha matangazo siku hiyo hiyo. Mjibu mlalamishi kwa heshima: mwambie namba ilitoka wapi, na kwamba umeiondoa. Ukipigiwa na watoa huduma wako wa malipo, toa mkataba, orodha na mawasiliano yako na mtangazaji. Mwenye rekodi anaeleza mambo haraka, na till yake hurudi kazini mapema.

Na ukiwa wewe ndiye umetumiwa?

Usifungue linki. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba iliyotuma, saa, na till. Mwambie mwenye duka kwanza, maana huenda hajui. Asiposikia, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.

Leo kabla hujafunga duka, mpigie yule kijana wako umuulize swali moja tu: "Hizo namba ulizitoa wapi?" Kama jibu halikuridhishi, mwambie asimamishe kwanza.