Je, Fedha za Shule Huzaa Utajiri?

Serikali ijengapo shule hutumia fedha leo kwa kutarajia mavuno ya kesho. Lakini mavuno hayo yapimwe vipi? Nchi tajiri zina shule nyingi. Hata hivyo huenda ni utajiri uliojenga shule, wala si shule zilizoleta utajiri. Kutenganisha sababu na matokeo ni kazi ngumu.

Njia moja ya kufanya kazi hiyo ilipatikana Indonesia. Kati ya mwaka 1973 na 1979 serikali ya nchi hiyo, ikisaidiwa na mapato ya mafuta, ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000. Wilaya zilizokuwa na watoto wengi wasiosoma ziligawiwa shule nyingi zaidi. Watoto waliokuwa na umri wa miaka 2 hadi 6 mwaka 1974 walifaidi majengo hayo mapya. Wenye miaka 12 na zaidi walikuwa wamekwisha kupita umri wa kuyafaidi.

Esther Duflo, mmoja wa wataalamu watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, alilinganisha marika hayo mawili katika wilaya zilizopata shule nyingi na zilizopata chache, akitumia takwimu za mwaka 1995. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2001 yalionyesha kuwa kila mwaka wa masomo ulioongezeka kwa sababu ya mpango huo ulipandisha ujira kwa asilimia 6.8 hadi 10.6. Alipolinganisha marika mawili ya wakubwa ambayo mpango haukuyagusa, hakuona tofauti ya maana. Kwa hiyo chanzo kilikuwa shule.

Hata hivyo, ujira wa mtu mmoja si uchumi wa taifa. Uchunguzi wake wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba, vijana wenye elimu walipozidi kuingia kazini, ujira wa wafanyakazi waliowatangulia kwa umri katika wilaya hizo ulikua polepole zaidi. Mitambo na mitaji haikuongezeka kwa kasi ile ile. Mafundi kumi wakigawana msumeno mmoja, ufundi wao hauwezi kuonekana wote.

Kwa hiyo, yafaa wapangaji wa uchumi wayatazame makadirio ya elimu sambamba na ya viwanda, zana na kilimo. Shule humwandaa mtenda kazi; lakini ni lazima akute kazi na vifaa vya kuifanyia.