Yangambi: Mfadhili akiondoka, nani ataulinda mnara?

KISANGANI – Karibu kilomita 100 magharibi mwa Kisangani, ukiteremka mto Congo, mnara wa mita 55 unasimama katikati ya msitu wa Yangambi. Unaitwa CongoFlux. Tangu 2020 unapima hewa ya kaboni ambayo msitu unavuta na kutoa. Ni wa kwanza wa aina hiyo katika bonde la Congo.

Pesa zilitoka Umoja wa Ulaya, kupitia mradi FORETS ulioanza 2017 chini ya shirika CIFOR. Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kinashirikiana na INERA, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo. Huku Kisangani, UNIKIS inafundisha wataalamu wa misitu.

Kila mmoja ana sehemu yake. Lakini mradi una tarehe ya mwisho, msitu hauna. Vipimo vya mwaka mmoja havitoshi, vinahitajika vya miaka mingi bila kukatika.

Yangambi inalijua jambo hilo. Wabelgiji waliunda INEAC mwaka 1933, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu. Baada ya uhuru pesa zilipungua, na majengo mengi yakachakaa.

Ndiyo sababu swali la mshahara wa fundi na umeme wa mitambo linapaswa kujibiwa siku mkataba unatiwa sahihi, si siku mfadhili anapofunga mizigo. Hapo serikali nayo iseme itatoa nini. Vijana wanaosoma UNIKIS ndio watakaobaki na kazi hiyo.