Bangkok kwa Njia ya Maji

Mgeni anayepitia Bangkok kwa siku mbili tatu hupewa orodha: ikulu ya kale, mahekalu, masoko, maduka makubwa, kisha uwanja wa ndege. Vilivyomo ni vya kweli. Tatizo ni kwamba kila anapotoka mahali pamoja kwenda pengine hujikuta kwenye foleni ya magari, na joto la huko halina huruma. Mwenye muda mfupi angefaidi zaidi akifuata maji, kwa kuwa ndivyo walivyofanya waliouanzisha mji wenyewe. Waburma walipouteketeza mji mkuu wa Ayutthaya mwaka 1767, Mfalme Taksin alihamia Thonburi, ukingo wa magharibi wa mto Chao Phraya. Mwaka 1782 Mfalme Rama wa Kwanza akavuka hadi ukingo wa mashariki, mahali mto unapopinda, akachimbisha mifereji upande wa nchi kavu, mji ukawa umezungukwa na maji. Charoen Krung, barabara kubwa ya kwanza ya kisasa, haikujengwa hadi miaka ya 1860. Kabla ya hapo watu, mchele na mizigo vilipita majini.

Ndiyo maana vitu vingi vinavyotafutwa na wageni viko hatua chache tu kutoka gatini. Ukishuka Tha Tien, unafika kwa miguu hekalu la Wat Pho, alikolazwa Buda wa dhahabu mwenye urefu wa mita 46, nyayo zake zimetiwa nakshi za lulumizi. Ikulu iko jirani. Heri kuiwahi asubuhi, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa (wavaa kanzu na baibui hawana la kuhofia mlangoni). Dereva wa bajaji akikuambia pamefungwa leo ila kuna duka la vito karibu, endelea na safari yako. Kisha rudi gatini uvuke kwa pantoni hadi hekalu la Wat Arun. Kutoka mbali mnara wake huonekana mweupe. Ukiukaribia unaona maua na majani yaliyoundwa kwa vipande vya sahani na vikombe vya Kichina, vya kijani, waridi na manjano, na pengine kigae kimebaki na mviringo wa bakuli lilipovunjika. Wazee wa pwani yetu nao walipachika mabakuli ya Kichina kwenye makaburi ya Kunduchi na Mambrui, ila wao waliyaweka mazima.

Kuna atakayesema treni za juu, zinazofanya kazi tangu mwaka 1999, zina kasi na ubaridi kuliko boti yoyote. Kweli kabisa, na anayekwenda mitaa ya Siam au Sukhumvit azipande bila kusita. Lakini treni hizo zilifuata mji mpya wa biashara. Mji wa kale ulikaa bila treni hadi mwaka 2019, ilipofunguliwa njia ya chini ya ardhi yenye kituo cha Sanam Chai. Na huhitaji kuchagua moja na kuacha nyingine: kituo cha Saphan Taksin kiko juu ya gati la Sathorn, unateremka ngazi na kupanda boti.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mto umekuwa wa watalii, na mifereji mingi imefukiwa ikawa barabara, hivyo kufuata maji ni kutembelea makumbusho. Hapo nakubali nusu. Boti za watalii zipo, na nauli zake ni kubwa; lakini boti yenye bendera ya rangi ya chungwa hupandwa na wafanyakazi, wanafunzi na watawa. Isitoshe, upo mfereji wa Saen Saep, ulioanza kuchimbwa mwaka 1837, unaokatiza katikati ya mji hadi nyuma ya maduka makubwa yale yale. Hakuna anayeupenda kwa uzuri. Maji yake ni meusi na yananuka, na boti mbili zinapopishana abiria wa pembeni huvuta kamba kuinua turubai la plastiki ili maji yasiwarukie. Makondakta wenye helmeti hukusanya nauli wakitembea juu ya ukingo wa nje wa boti, na daraja likiwa chini paa zima huteremshwa, watu wakainamisha vichwa bila kuacha kutazama simu zao. Saa za kwenda kazini boti hujaa mpaka watu husimama, kwa sababu barabara iliyo juu yao haisogei.