Mguu Usiouma Si Lazima Uwe Mzima

Mnunuzi wa farasi wa mbio nchini Marekani hununua miguu kwanza, ukoo baadaye. Ndiyo maana tiba ya mawimbi ya mshtuko inamhusu. Mashine yake, iliyozaliwa na ile iliyovunja mawe ya figo ya binadamu Ujerumani mwaka 1980, hupiga mfupa au kano ili kuchochea uponaji. Tatizo ni kwamba hutuliza pia maumivu kwa siku kadhaa, huku ufa ukiwa palepale. Farasi wa kuchechemea hukimbia, na mfupa huweza kuvunjika. Mtaji wote hulala uwanjani. Tangu 2022 kanuni za taifa humzuia farasi aliyetibiwa hivyo kushindana kwa siku 30. Mnunuzi makini hudai rekodi za matibabu na picha za eksirei kabla ya kulipa.