Kaa Tisa wa Ziwa Moja

Mji wa Sumbawanga, kwenye nyanda za juu za Ufipa nchini Tanzania, uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Mito ya Ufipa inayoelekea magharibi hushuka tofauti hiyo yote ndani ya mwendo mfupi. Mto Kalambo, mpakani mwa Zambia, huporomoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja kabla ya kufika ziwani.

Kaa wa mito ya namna hii katika sehemu kubwa ya Afrika ni wa jenasi Potamonautes. Hujibanza chini ya mawe au huchimba mashimo kingoni. Watoto wa kaa wengi wa baharini huelea na kupelekwa na maji mbali na mama yao, lakini mayai ya kaa wa maji baridi hutotoa vikaa vilivyokwisha kukamilika, na mama huvibeba chini ya tumbo mpaka viweze kujitegemea. Hivyo kizazi kimoja hakifiki mbali, na kaa wa mahali pamoja wanaweza kubadilika kivyao pasipo kuchanganyika na wa kwingine.

Maajabu yenyewe yamo ziwani. Mmoja wa jamaa wa mtoni, Potamonautes platynotus, ameng'ang'ania ufukweni na hutoka majini kutembea juu ya miamba. Chini ya maji wapo kaa wa jenasi Platythelphusa, aina tisa zilizokwisha kuelezwa, na hawapatikani popote pengine duniani.

Wanaishije pamoja bila mmoja kuwafukuza wengine? Jibu kubwa ni kwamba sakafu ya ziwa haifanani kila mahali. Platythelphusa conculcata ana mwili bapa unaopenya chini ya mawe. P. maculata, kaa mdogo, hukaa ndani ya magamba matupu ya Neothauma, konokono mkubwa kuliko wote ziwani. P. tuberculata ana miguu mirefu myembamba na huishi kwenye kina, penye tope laini.

Mbabe wao ni P. armata. Gando lake la kuvunjia ni nene, lenye meno mapana kama magego, na kazi yake ni kuponda konokono. Kwenye magamba ya konokono wa jenasi Lavigeria huonekana makovu, mahali palipovunjwa na mnyama akapaziba upya alipookoka. Mwaka 1991 watafiti Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron walionyesha kwamba magamba ya konokono wa ziwa hili ni imara zaidi kuliko ya jamaa zao wa maeneo ya jirani, na magando ya P. armata nayo ni makubwa kuliko ya kaa wa karibu naye kiukoo. Mwindaji na mwindwa wamekuwa wakishindana kwa vizazi vingi, na ushindani huo umeyapa magamba sura kama ya baharini. Ndiyo maana mwanzoni mwa karne iliyopita mtafiti J.E.S. Moore, alipoona viumbe vyenye sura ya bahari, alidai kwamba ziwa hili lilikuwa sehemu ya bahari ya kale. Alikosea: sura hiyo imejengeka humu humu ziwani.

Hata hivyo makazi hayaelezi kila kitu. Utafiti uliochapishwa na Saskia Marijnissen na wenzake ulichunguza mahali kaa hao wanapoishi, vyakula vilivyomo matumboni na alama za kikemia mwilini. Aina zilitofautiana kwa kina, kwa sakafu na kwa chakula, lakini zile za miamba ya karibu na ufuko ziliingiliana sana.

Kinachotia wasiwasi ni udongo. Mwaka 1993 Cohen na wenzake walichapisha matokeo kwamba ostrakodi, krasteshia wadogo sana, walikuwa wa aina chache zaidi kwenye sehemu za ziwa zilizopokea tope jingi kutoka kwenye miteremko iliyokatwa miti. Tope hujaza nyufa za mawe na kufukia magamba. Gamba lililojaa tope halina nafasi ya P. maculata, na jiwe lililozama haliwezi kumficha P. conculcata. Miteremko ya Ufipa inayoelekea Kasanga, Kipili na Kirando inalimwa, na mvua ya masika hushuka na udongo wake hadi ziwani.