Kabla ya kununua televizyo, angalia T2

Mtu ananunua televizyo ya okazyo sokoni, bei nzuri, picha safi. Akifika nyumbani anaunga antene, anatafuta shene: hakuna hata moja. Televizyo haijakufa.

Mwaka 2010 nchi za SADC, na Kongo iko ndani, zilichagua DVB-T2 kwa televizyo ya numeriki inayopita kwa antene, ile tunaita TNT. Lakini televizyo nyingi za zamani kutoka Ulaya ziko na DVB-T tu, na hiyo haisomi T2. Za Marekani ni ATSC, hizo njo hazishike kitu kabisa. Kwa hiyo mbele ya kutoa franga, geuza televizyo, tafuta T2 kwenye karatasi ya nyuma. Ukiona S2, hiyo ni ya parabole.

Umekwisha kununua? Usitupe. Pale TNT inafika, dekoda ya T2 inatosha. Itaungwa kwa HDMI, ao kwa zile kamba tatu za rangi kama televizyo ni ya mgongo mnene. Antene yako ya zamani ya UHF ingali nzuri. Muuzaji akikulazimisha antene "ya numeriki", anatafuta franga zako tu. Ila ielekeze vizuri: zamani picha ilijaa vitone vyeupe na mpira tuliutazama vilevile, kwa TNT picha inaganda, ao inapotea kabisa.